Karafuu Ikichelewa, Alaumiwe Nani?

Bidhaa inapochelewa kufika, lawama huwahi kufika kabla yake. Mnunuzi humlaumu mwenye duka, mwenye duka humlaumu wakala, wakala humlaumu mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda humlaumu yule anayemletea malighafi. Kila mkono humnyooshea kidole aliye nyuma yake, mpaka kidole cha mwisho kinamwangukia mtu ambaye hana wa kumnyooshea. Mtu huyo, mara nyingi, ni mkulima, mchumaji au kibarua. Nimeliona jambo hili kwa miaka mingi katika kisiwa chetu cha Pemba, na baadaye nikalisoma katika habari za nchi za mbali ambazo hazina hata mti mmoja wa karafuu. Nia yangu katika kurasa hizi ni kuuliza swali moja: mali inapochelewa kutoka kwa wanaoileta, je, kosa ni la hao wanaoileta, au ni la wakubwa wanaowaongoza na kuwaagiza?

Mwaka 2021 sisi wazee wachache wa mtaani tulichanga fedha tununue kompyuta kwa ajili ya darasa la vijana. Mfanyabiashara tuliyemwagiza alituambia tungoje. Tukangoja. Alisema wakala wake wa Dubai hajapata mzigo, na wakala naye amesema viwanda havina chipu. Chipu ni kile kipande cha silikoni kisichozidi ukucha, ambacho ndicho ubongo wa kompyuta, wa simu, na siku hizi hata wa gari. Mmoja wetu, mkulima wa karafuu tangu ujana wake, akacheka akasema, "Basi na wao kwao kuna msimu mbaya?" Sote tulicheka, lakini neno lile lilinikaa moyoni. Nikaanza kusoma habari za chipu, na kila nilipozidi kusoma, ndivyo nilivyozidi kuiona historia ya Pemba.

Kwanza tukubali kwamba kuna ucheleweshaji usio wa mtu. Mkarafuu haulazimishwi. Ukiupanda leo, utangoja miaka sita, saba au minane kabla ya kuonja mazao ya kwanza, na utangoja zaidi kabla mti haujafikia nguvu zake. Hata ukishakua, hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja hujaa mpaka matawi yakavunjika, na miaka miwili au mitatu inayofuata hutoa kidogo tu. Tena karafuu yenyewe ni chipukizi la ua. Ikichumwa changa haina uzito wala mafuta ya kutosha. Ikiachwa ikachanua, thamani yake imekwisha. Ina siku zake chache, na katika siku hizo lazima pawe na watu wa kupanda juu, watu wa kuchambua karafuu na makonyo usiku kwa mwanga wa kandili, majamvi ya kuanikia, na jua la siku kadhaa mfululizo. Mvua ikinyesha majamvini, karafuu huvunda. Marehemu bibi yangu alikuwa akituambia sisi wajukuu, "Wanangu, karafuu haimngojei mtu, mtu ndiye anayeingojea." Hakuna ofisi yoyote duniani inayoweza kuibadilisha kanuni hiyo.

Chipu nayo ina ukarafuu wake. Kutengeneza chipu moja ya kisasa hupitia hatua mamia kwa mamia, na kutoka sahani tupu ya silikoni mpaka chipu iliyokamilika huchukua miezi mitatu hivi au zaidi. Kiwanda kipya hujengwa kwa miaka, si kwa miezi. Mashine za hali ya juu kabisa za kuchora chipu kwa mwanga zinatengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Kwa hiyo anayetaka chipu nyingi zaidi kesho hawezi kuzipata kesho. Ilimpasa azitake jana.

Sasa tuingie katika historia, maana humo ndimo lawama zinamopimwa.

Mkarafuu si mti wa asili wa kwetu. Kwao ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia ya leo. Katika karne ya 17 Waholanzi walioitawala biashara ile waliamua kwamba karafuu ipandwe Ambon na visiwa vya jirani tu, na mikarafuu ya kwingine wakaikata na kuichoma moto, ili mali iwe haba na bei iwe juu. Huo ulikuwa uamuzi wa uongozi wa kampuni, uliofanywa mezani kwa kalamu, na wakulima wa Maluku ndio walioulipia kwa miti yao. Lakini mali iliyofungiwa hutafuta mlango. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuingiza miche ya karafuu katika kisiwa cha Mauritius, kinyume cha matakwa ya Waholanzi, na kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa mbegu ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said akahimiza ipandwe kwa wingi, na kazi ya kupanda, kupalilia na kuchuma ikabebeshwa watumwa. Napenda msomaji alikumbuke jambo hili tutakapofika mbele: mikarafuu yetu yenyewe, ambayo baadaye ililindwa dhidi ya magendo kwa sheria kali, asili yake ni magendo.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo kisiwa chetu kikawa ndicho hasa kisiwa cha karafuu, na hata katika nyakati zetu zaidi ya asilimia 80 ya karafuu za Zanzibar zimekuwa zikitoka Pemba. Hivyo mzigo ulipochelewa bandarini Unguja, macho yaligeukia Pemba.

Mwaka 1897, chini ya himaya ya Waingereza, Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuuondolea utumwa uhalali wa kisheria. Watu walioachwa huru hawakutaka kufanya kazi kwa masharti yale yale ya jana. Wengine walijilimia mihogo na mpunga, wengine walihama. Maofisa wa serikali na wenye mashamba makubwa wakaanza kulalamika kwamba hakuna wafanyakazi, na kwamba watu waliopo ni wavivu. Lakini mtazame Mpemba wa wakati ule. Alikuwa na kijishamba chake, na mara nyingi alikuwa na mikarafuu yake mwenyewe, kwa kuwa Pemba miti iligawanyika katika mikono mingi kuliko Unguja. Msimu ukiwa mzuri na ujira wa pishi ukiwa wa kueleweka, watu walijaa mashambani kutoka kila pembe ya kisiwa, na wengine wakavuka bahari kutoka Unguja kuja kuchuma. Ujira ukiwa duni, walibaki kwao. Huo si uvivu, ni hesabu. Aliyeuita uvivu ni yule ambaye hesabu yake ilikuwa imeandikwa zamani za kazi isiyolipwa, na hakutaka kuiandika upya.

Niliposoma habari za Arizona nilidhani nasoma ripoti ya zamani ya Pemba. Kampuni ya TSMC ya Taiwan, iliyoanzishwa mwaka 1987 na ambayo ndiyo mtengenezaji mkubwa kabisa wa chipu kwa niaba ya makampuni mengine, ilitangaza mwaka 2020 kwamba itajenga kiwanda katika jimbo hilo la Marekani, na kwamba uzalishaji utaanza mwaka 2024. Julai 2023 mwenyekiti wake, Mark Liu, akatangaza kwamba kiwanda cha kwanza kitachelewa mpaka 2025, na sababu aliyoitoa ni upungufu wa mafundi wenye ujuzi wa kufunga mitambo ile. Vyama vya wafanyakazi wa ujenzi vikaja juu, vikasema mafundi wapo, na kwamba kasoro iko katika uongozi wa kazi na katika nia ya kuleta watu kutoka nje. Desemba mwaka huo huo pande mbili zikafikia mapatano juu ya mafunzo, usalama na mawasiliano, na mwishoni mwa 2024 kiwanda kikaanza kutoa chipu kwa wingi. Sisemi kwamba upande mmoja ulisema kweli tupu na mwingine uwongo mtupu. Ninachosema ni kwamba mambo yaliyowekwa katika mapatano yalikuwa mambo ya uongozi, na mafundi walikuwa ni wale wale wa Arizona.

Turudi nyumbani. Mwaka 1934 serikali ya Waingereza ilianzisha Chama cha Wakulima wa Karafuu, ambacho wazee wetu walikijua kwa herufi zake tatu, CGA. Makusudio yaliyotangazwa yalikuwa mema: kumkinga mkulima na bei za kuyumba na madeni. Mwaka 1937 sheria ikakipa chama hicho mamlaka makubwa juu ya ununuzi na usafirishaji wa karafuu, hata wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakiiendesha biashara ile kwa vizazi wakajiona wanafukuzwa mlangoni. Nao wakagoma. Bara Hindi, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, ikawaunga mkono kwa kupitia chama cha Congress, na watu wakahimizwa wasinunue karafuu zetu. Mzigo ukakwama. Mti ulikuwa umezaa, mchumaji alikuwa amechuma, jua lilikuwa limekausha, lakini karafuu hazikwenda. Mwaka 1938 ndipo mapatano yalipofikiwa na wafanyabiashara wakarudishiwa sehemu ya kazi yao.

Hapa hakuna awezaye kumlaumu mkulima wa Kengeja au wa Micheweni. Wala sioni kwamba mfanyabiashara peke yake ndiye wa kulaumiwa, ingawa naye alikuwa na faida zake za kuzilinda, na wakulima wengi walikuwa wamezama katika madeni yake. Msururu wa watu uliokuwa ukiibeba karafuu kutoka shambani mpaka melini ulikatwa kwa sheria, na waliotunga sheria hawakuwa wamejiuliza ni nani ataziba pengo siku ya pili yake. Nia njema ya ofisini haikutosha kuupeleka mzigo Bombay.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa, watu wakagawiwa ekari tatu tatu, na biashara ya karafuu ikaja kuwa mikononi mwa shirika la serikali, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, yaani ZSTC. Shirika likawa ndilo mnunuzi pekee. Mkulima hakuwa na pengine pa kuuza. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ya karafuu katika soko la dunia ilipanda sana, ikafika karibu dola 9,000 kwa tani. Lakini bei aliyopewa mkulima ilibaki kuwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Sehemu kubwa iliingia katika hazina ya serikali.

Na ng'ambo ya mkondo wa Pemba, safari ya kilomita hamsini hivi, kuna pwani ya Kenya: Vanga, Shimoni, na juu zaidi Mombasa. Huko karafuu ilinunuliwa kwa bei nyingine. Sina haja ya kumweleza msomaji wa pwani yaliyofuata. Karafuu zilizotazamiwa katika maghala ya Wete, Chake Chake na Mkoani hazikufika zote. Nyingine zilivuka usiku kwa mashua. Kiko wapi basi kisa cha karafuu "zilizochelewa"? Hazikuchelewa, zilikwenda kwingine.

Jawabu la uongozi halikuwa kuitazama bei, bali kumtazama mkulima. Kukawekwa Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM, chenye boti zake. Sheria nayo ikafikia hadi kuweka adhabu ya kifo kwa magendo ya karafuu. Naomba msomaji asiipite sentensi hiyo haraka. Mtu alipanda mti kwa mkono wake, akaungoja miaka saba, akapanda juu yake kwa hatari ya kuvunjika shingo, akachambua na kuanika, na akielekeza mali ile upande usiotakiwa, roho yake imo katika mizani. Wakati ule ule, mwanzoni mwa miaka ya 1970, chakula kilikuwa haba visiwani na watu wa Pemba waliijua njaa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyekuwa akiupima mzigo huo kwa karatasi hakuuona uzito wake.

Hata hivyo, insha hii haitakuwa ya haki nisipousikiliza upande wa pili. Serikali ile haikuzitupa fedha zote za karafuu baharini. Karafuu ndiyo iliyolipia elimu na matibabu bila malipo, ndiyo iliyojenga majumba ya Michenzani, na ndiyo iliyoleta televisheni ya rangi Zanzibar katika miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Mimi mwenyewe nilisoma bila ya baba yangu kulipa ada, na najua kwamba ada yangu ilitoka juu ya mti. Kiongozi wa nchi yenye zao moja ana maswali ambayo mkulima mwenye miti thelathini hana. Akimpa mkulima yote, hospitali itaendeshwa kwa nini?

Tena yalikuwapo mambo yaliyokuwa nje ya uwezo wa mtu yeyote. Kulikuwa na ugonjwa ulioifanya mikarafuu mikubwa ife kwa ghafla, majani yakakauka mtini kama yaliyopigwa moto, na wataalamu walihangaika nao kwa miaka. Kulikuwa na misimu mibovu. Na kulikuwa na Indonesia. Nchi hiyo, ambayo huichanganya karafuu na tumbaku katika sigara zake za kreteki, ndiyo iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa. Katika miaka ya 1970 ilipanda mikarafuu yake kwa wingi, na katika miaka ya 1980 ikawa karibu inajitosheleza. Bei ya dunia ikaporomoka. Hakuna meneja wa Pemba aliyeweza kuuzuia mti wa Sulawesi usizae.

Lakini hata hapo pana funzo. Mnunuzi aliyechoka kulipa ghali kwa mali ya mwingine, au kuogopa kwamba siku moja haitafika, hupanda yake. Ndivyo ilivyofanya Indonesia kwa karafuu, na ndivyo ilivyoamua Marekani mwaka 2022 ilipopitisha sheria ya kutoa mabilioni ya dola kwa viwanda vya chipu ndani ya nchi yake. Na Indonesia nayo haikuponea katika mtego wa ofisi. Mwishoni mwa 1990 serikali ya Rais Suharto iliunda chombo kilichoitwa BPPC, kilichosimamiwa na mwanawe, Tommy Suharto, kiwe ndicho mnunuzi na muuzaji pekee wa karafuu. Kikanunua kwa wakulima kwa bei ya chini na kuviuzia viwanda vya sigara kwa bei ya juu. Wakulima wakaivunja mioyo yao, wengine wakaacha kuchuma, wengine wakaing'oa miti. Mwaka 1998, kwa shinikizo la Shirika la Fedha la Kimataifa, chombo hicho kikavunjwa. Miti ya Indonesia si ya Pemba, lugha si yetu, serikali si yetu, lakini hadithi ni ile ile.

Sasa niirudie chipu, maana ndiyo iliyonianzisha. Mwanzoni mwa 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, wakubwa wa makampuni ya magari walidhani watu hawatanunua magari kwa muda mrefu. Wakafuta maagizo ya chipu. Watengenezaji wa chipu hawakukaa bure. Nafasi ile wakaiuza kwa watengenezaji wa kompyuta na simu, maana watu waliofungiwa majumbani walizihitaji. Kabla ya mwaka kwisha watu wakarudi kununua magari. Wakubwa wale wakarudi na maagizo yao, wakakuta wako nyuma ya foleni. Mwaka 2021 viwanda vya magari vikasimama kwa wiki nzima nzima, na kampuni ya Ford ikaegesha viwanjani malori yaliyokamilika kila kitu ila chipu. Walipoulizwa, walisema wanaoleta chipu wamechelewa.

Kweli, balaa nyingine zilikuwapo. Februari 2021 baridi kali ilizima umeme Texas na viwanda vya chipu vya Austin vikafungwa. Machi 2021 moto uliunguza sehemu ya kiwanda cha Renesas huko Naka, Japani. Hizo hazikuwa amri za ofisi yoyote. Lakini kampuni ya Toyota, iliyoumizwa na tetemeko la ardhi la Machi 2011, ilikuwa imejifunza na kuwataka baadhi ya wanaoiletea vipuri waweke akiba ya chipu ya miezi miwili hadi sita. Wenzake waliposimama mwanzoni mwa 2021, yeye aliendelea. Baadaye, Septemba 2021, hata yeye alilazimika kupunguza uzalishaji kwa asilimia 40. Kwa hiyo akiba haizuii kila balaa, ila humpa mtu muda wa kupumua. Na tofauti kati ya aliyesimama Januari na aliyesimama Septemba haikuwa moto wala baridi, ilikuwa ni uamuzi uliofanywa miaka kumi kabla.

Kutokana na yote haya, nionavyo mimi, ucheleweshaji uko wa namna tatu. Uko ucheleweshaji wa mti: miaka saba ya mkarafuu, miezi mitatu ya chipu. Huo haulaumiwi, huo hujulikana. Uko ucheleweshaji wa balaa: kimbunga, ugonjwa, moto. Huo nao haulaumiwi kwa kutokea, ila kiongozi huulizwa alikuwa ameweka akiba gani. Na uko ucheleweshaji wa neno: bei isiyotangazwa mapema, ahadi iliyovunjwa, agizo lililofutwa halafu likarudishwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Huo ndio wa uongozi, na hauna mwenyewe mwingine.

Simwondoi mkulima katika hesabu. Wapo wanaochuma karafuu changa kwa pupa ya fedha, wapo wanaochanganya makonyo ili mizani iinamie upande wao, na wapo wanaopeleka mali haijakauka. Lakini makosa hayo huharibu gunia moja moja. Hayaharibu msimu wa kisiwa kizima. Ukiona kisiwa kizima kimeshindwa kufikisha mali, usimtafute mwizi mmoja, itafute sababu inayowagusa wote.

Na ushahidi mkubwa kuliko wote tuliuona kwa macho yetu. Mwaka 2011 serikali ya Rais Ali Mohamed Shein iliipandisha bei ya karafuu kwa kiasi ambacho wazee wetu hawakuwahi kukiona, na ikaahidi kwamba mkulima atapata asilimia 80 ya bei inayopatikana nje. Mikarafuu ilikuwa ni ile ile. Wachumaji walikuwa ni wale wale, na mkondo wa bahari kati yetu na Kenya haukuongezeka upana hata shubiri moja. Hata shirika lilikuwa ni lile lile. Lakini karafuu zikaja vituoni, na magendo yakapungua. Jambo ambalo boti, kikosi na tishio la kifo havikulimaliza kwa miaka, bei ililipunguza kwa msimu. Kama tatizo lingekuwa ni tabia ya Mpemba, basi Mpemba angekuwa amebadilika tabia kwa usiku mmoja, na mimi niishiye naye nashuhudia kwamba hakubadilika.

Sitaki nifikiriwe kwamba nadhani bei ni dawa ya kila kitu. Mikarafuu mingi ya Pemba ni mizee, na vijana hawaipendi tena kazi ya kupanda juu. Mche unaopandwa leo utamkuta mjukuu. Madagaska na Indonesia hazitungojei. Kazi ya uongozi hapo ni kubwa zaidi kuliko kupanga bei, maana inahitaji mtu anayeweza kupanda kitu ambacho hatakivuna katika muda wake wa madaraka.

Basi, je, uongozi ndio wa kulaumiwa? Jawabu langu ni kwamba si kila ucheleweshaji ni kosa la uongozi, lakini swali la lawama lazima lianzie juu, kisha lishuke, wala lisianzie chini. Sababu yake si chuki kwa wakubwa. Aliye juu ndiye aliyeona hesabu zote, bei ya nje na ya ndani, akiba na deni, wakati aliye chini ameona mti wake tu. Aliyeona zaidi huulizwa zaidi. Tena aliye juu, lawama ikimpata, hupoteza cheo, na aliye chini hupoteza msimu, na zamani zile aliweza kupoteza roho. Kompyuta zetu zilikuja mwishowe, na vijana wanazitumia. Hawakutaka kujua nani alizichelewesha. Lakini mtoto anayefundishwa kwamba babu yake alikuwa mvivu na mwizi wa karafuu anastahili kujua habari kamili, na habari kamili ni kwamba babu yake alifika shambani kwa wakati.